Husafiri Tena? Futa Nafasi Kabla Ndege Haijaruka

Mtu akishajua hasafiri, mara nyingi huiacha tiketi ijifie yenyewe. "Hela yenyewe hairudishwi, nihangaike ya nini?" Ndege inaruka, kiti kitupu, na jina lake linaingia kwenye mfumo kama noshoo, yaani abiria ambaye hakutokea. Baadaye anakuja kwa wakala kuuliza kama anaweza kuitumia tiketi mwezi ujao, na hapo ndipo anapoambiwa faini imeshakaribia nauli yenyewe.

Mashirika ya ndege hayakasirikii kutosafiri kama yanavyokasirikia ukimya. Kiti ulichokirudisha jana kinaweza kuuzwa leo kwa mtu mwenye haraka, na mwenye haraka ndiye anayelipa bei nono. Kiti ulichokinyamazia hakimfai mtu. Kwa hiyo tiketi nyingi zina adhabu mbili: ndogo kwa aliyeghairi mapema, kubwa kwa ambaye hakutokea. Kazi ya hatua zifuatazo ni kukuweka upande wa adhabu ndogo, na pale shirika lenyewe linapoharibu safari, kukuweka upande wa kutolipa kitu.

1. Kama umeinunua leo, fanya haraka leo hii

Hili nalianza kwa sababu dirisha lake ni jembamba. Wakala aliyekutolea tiketi kwa kawaida anaweza kuibatilisha siku ileile kabla ya saa sita usiku, kabla mauzo ya siku hayajafungwa, na shirika halitozi faini. Anaweza kukudai ada yake ya kazi, hiyo ni haki yake. Ikishaingia siku ya pili, masharti ya nauli yanaanza kuuma.

Kwa safari inayogusa Marekani kuna nafuu zaidi. Sheria ya huko inayataka mashirika yampe mteja aliyenunua moja kwa moja kwao saa 24 za kughairi bila faini, au yamshikie bei kwa muda huo bila kulipa, mradi safari iwe mbele kwa siku 7 au zaidi. Shirika huchagua mojawapo, na mengi yamechagua kuruhusu kughairi. Ukinunua kwa wakala au kwenye tovuti ya mtu wa kati, sheria hiyo haimbani huyo.

2. Tafuta mistari mitatu kwenye masharti ya nauli

Usijaribu kusoma yote, utasinzia. Unatafuta vitu vitatu: kubadilisha tarehe kunagharimu kiasi gani, kughairi kabla ya kuondoka kunagharimu kiasi gani, na kutotokea kunagharimu kiasi gani. Ukinunua kwa wakala, mwambie akufungulie kipengele cha 16 cha masharti ya nauli. Kwenye mifumo wanayotumia mawakala, adhabu hukaa hapo. Wakala anayekwambia "hairudishwi" bila kufungua kipengele hicho anakupa uzoefu wake tu.

Tuchukue namba za mfano. Umekata tiketi ya Dar kwenda Dubai na kurudi kwa dola 520. Ndani yake nauli yenyewe ni 300, tozo za shirika ni 110, kodi na ada za serikali na viwanja ni 110. Masharti yanasema faini ya kughairi ni dola 100, na ya kutotokea ni 250. Ukighairi kabla, nauli inabaki 200, kodi 110 inarudi, jumla 310 mkononi, na kama masharti yanaruhusu tozo za shirika nazo zirudi, 420. Usipotokea, nauli inabaki 50 na kodi 110, basi 160. Tofauti ni dola 150 kwa uchache, na kilichoileta ni simu moja ambayo haikupigwa.

Zile tozo za shirika zinastahili jicho la pili. Kwenye mchanganuo wa tiketi huandikwa YQ au YR, zimepangwa kwenye safu moja na kodi, na watu wengi wanadhani ni za serikali. Si za serikali. Ni hela ya shirika lenyewe, lilizoanza kuzitoza kwa jina la mafuta, na kurudi kwake kunategemea masharti ya nauli. Kodi halisi ni jambo jingine: hutozwa kwa sababu abiria amepita kiwanjani, na wewe hukupita. Hata tiketi ya promosheni isiyorudishwa nauli, kodi hizi ziulizie. Uingereza, kwa mfano, ushuru wa abiria anayeondoka, unaoonekana kwenye tiketi kwa herufi GB, ni zaidi ya pauni 80 kwa safari ya London kwenda Nairobi daraja la kawaida. Hautozwi kwa mtu ambaye hakupanda. Shirika linaweza kukata ada ya kushughulikia ombi lako, ila kwa kiasi hicho bado inalipa kuomba. Kwa tiketi ya Dar kwenda Mwanza ya bei ya chini, kodi ni kidogo na ada inaweza kuimeza yote. Piga hesabu kwanza.

3. Jua saa ya mwisho, na ujue ni ya tarehe gani

Kutotokea hakuhesabiwi lazima kuanzia ndege inapoacha ardhi. Mashirika mengine huanza kuhesabu kaunta ikifungwa, mengine saa kadhaa kabla, na kuna masharti yanayohesabu siku nzima kabla ya safari. Huo ni mstari wa nne wa kutafuta kama safari yako imeshakaribia.

Kaunta nazo zina saa zake. Kwa safari za kimataifa, saa moja kabla ya kuondoka ndiyo kawaida ya kufunga, na geti hufungwa dakika 15 au 20 kabla. Mwenye mzigo wa kupima akifika dakika 50 kabla anaitazama ndege yake ikiwa bado imesimama pale nje, na haipandi.

Kinachowaacha watu wengi wa kwetu ni usiku. Ndege nyingi za Ulaya na Ghuba zinaondoka Dar na Nairobi usiku, na baadhi zinavuka saa sita. Tiketi inaandika 14 Juni, 00:35. Hiyo ni saa sita na dakika 35, usiku wa kuamkia tarehe 14. Nyumbani unatoka jioni ya tarehe 13. Anayesoma "tarehe 14 saa sita usiku" akaenda kiwanjani usiku wa tarehe 14 amechelewa kwa siku nzima, na kwenye mfumo ameshakuwa noshoo tangu jana. Ukimkatia tiketi mzazi au mtu asiyesafiri mara kwa mara, mwandikie kwa lugha ya nyumbani: "Unatoka nyumbani Ijumaa saa moja jioni." Usimtumie picha ya tiketi ukadhani umemaliza.

Kuna na kiwanja. Ndege za kwenda pwani ya Kenya, nyingine huondoka kiwanja cha Wilson na nyingine JKIA, yaani Jomo Kenyatta, na kutoka kimoja hadi kingine kwa foleni ya Nairobi si jambo la dakika kumi.

4. Kabla hujaghairi, tazama kama shirika lenyewe linayumba

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye hela nyingi kuliko zote. Ukighairi wewe, unalipa faini. Likighairi shirika, kwa kawaida una haki ya kuchagua kati ya ndege nyingine na kurudishiwa hela yako yote, hata kama tiketi ni ya ile nauli isiyorudishwa. Kwa hiyo kama umepata dharura siku ambayo kuna harufu ya mgomo, hali mbaya ya hewa au ndege kuharibika, usikimbilie kubonyeza kitufe cha kughairi asubuhi na mapema. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, na wafanyakazi wa viwanja walipogoma JKIA tarehe 11 Septemba 2024, kila aliyekuwa na tiketi ya siku hizo alikuwa na sababu ya kusubiri tangazo la shirika kwanza. Subiri, lakini weka saa yako ya mwisho ya hatua ya 3 mbele ya macho. Ikikaribia na ndege bado inaonekana itaruka, ghairi.

Mabadiliko ya ratiba nayo ni mlango. Ukipata barua pepe kwamba ndege yako imesogezwa saa kadhaa, au unganisho la Addis limekuwa la usiku mzima badala ya saa mbili, usibonyeze "kubali" kwa mazoea ya kubonyeza. Ukishakubali, safari mpya ndiyo safari yako. Kwa safari zinazogusa Marekani, tangu Oktoba 2024 kipimo kimeandikwa: ndege ya kimataifa ikisogezwa kwa saa 6 au zaidi, au ya ndani kwa saa 3 au zaidi, abiria anaweza kuikataa na kurudishiwa hela. Kwingineko, kipimo kiko kwenye masharti ya shirika lenyewe.

Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inakulinda ukiondoka kiwanja cha Umoja wa Ulaya kwa ndege ya shirika lolote, na ukienda Ulaya kwa shirika la huko. Maana yake, Nairobi kwenda Amsterdam na KLM ya Uholanzi umo. Dar kwenda Paris kupitia Addis na Ethiopian haumo, ila kurudi kutoka Paris umo. Shirika likighairi, hela ya tiketi inatakiwa irudi ndani ya siku 7, na kama taarifa ilikuja chini ya siku 14 kabla na sababu haikuwa ya nje ya uwezo wao, kuna fidia juu yake, hadi euro 600 kwa safari ndefu. Aliyeghairi mwenyewe saa chache kabla ya tangazo hapati fidia hiyo. Na aliyekaa nyumbani akingoja naye asijisahau: kama shirika halijatangaza chochote, kanuni inamtaka abiria awe ameripoti safari (check-in) kwa wakati.

5. Futa nafasi kwanza, hela ni mazungumzo ya baadaye

Saa tano usiku simu ya wakala inaita. "Kaka, mtoto kalazwa. Ile ndege ya alfajiri siendi tena. Nitakuja ofisini kesho tuongee." Hapana, dada, tusingoje kesho.

Kuna mambo mawili hapa na watu huyachanganya: nafasi kwenye ndege, na tiketi. Nafasi ni jina lako kwenye orodha ya abiria wa siku ile. Tiketi ni ile namba ya tarakimu 13, inayoanza na tarakimu tatu za shirika, 706 kwa Kenya Airways, 071 kwa Ethiopian, 176 kwa Emirates. Unaweza kuifuta nafasi usiku huu na tiketi ikabaki hai, ikingoja uamue kama utabadili tarehe au utaomba hela. Tiketi nyingi huishi mwaka mmoja tangu kutolewa. Kinachoizuia isiwe noshoo ni kufutwa kwa nafasi kabla ya muda.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu:

Mpigie au mwandikie wakala, na uandike neno lililo wazi: "Naomba ufute nafasi ya ndege ya tarehe fulani kabla haijaondoka. Tiketi ibaki wazi." WhatsApp inatosha kama ushahidi, sababu ina saa.

Wakala asipopokea, piga simu kwa shirika au ingia kwenye tovuti yao kwa namba ya buking, zile herufi na tarakimu sita, na jina la ukoo. Mashirika mengi yatakwambia la kurudisha hela mwone wakala wako. Sawa. Wewe unaomba nafasi ifutwe tu.

Kwenye tovuti soma kabla ya kubonyeza. Vitufe vingine vinafuta nafasi na papo hapo vinafunga mahesabu: unapewa vocha au kodi peke yake, na ukishakubali umekubali. Ukiona hivyo na muda upo, rudi kwenye simu.

Kama ulishajiripoti kwa simu na una pasi ya kupandia, hiyo lazima itenguliwe kwanza. Usipofanya hivyo, mfumo unakuona kama abiria aliyeko kiwanjani, na tiketi inaweza kukwama hapo hata ukiomba hela mwezi ujao. Ukishindwa kuitengua mwenyewe, sema waziwazi kwenye simu: nimeripoti, naomba mnitoe.

Mwisho, omba uthibitisho. Barua pepe, ujumbe, au picha ya skrini inayoonyesha safari imefutwa, pamoja na tarehe na saa.

Mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo kiwanjani kisha akaamua haendi, aseme getini au kaunta na asiondoke kimyakimya. Kwa safari za kimataifa begi haliruhusiwi kuruka bila mwenyewe. Baada ya bomu lililofichwa ndani ya begi kuiangusha Pan Am 103 juu ya Lockerbie mwaka 1988, suala hilo halina mzaha. Jina lako litaitwa, watashuka chini kulitafuta begi lako kati ya mamia, na abiria wenzio watakaa wakisubiri.

6. Ya kwenda ukiiacha kimya, ya kurudi nayo inakufa

Tiketi ya kwenda na kurudi hutumika kwa mfuatano. Usipotokea safari ya kwanza, mfumo unafuta zote zilizobaki, mara nyingi bila kukwambia. Umekata Dar–Zanzibar–Dar, ukaamua kwenda kwa boti kwa sababu umepata kampani, ukitegemea kurudi na ndege Jumapili. Jumapili jina halipo. Hapa kughairi hakutoshi, ongea na shirika kabla ya safari ya kwanza waibakize ya kurudi. Wengine watakubali, wengine watakudai tofauti ya nauli, wengine watakataa. Lakini wote hawawezi kukusaidia kwa bei nzuri ukiwauliza baada ya ndege ya kwanza kuruka.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazina ndoa hiyo, ila zina tatizo lake. Ya kwanza ikichelewa kufika Nairobi, shirika la pili halihusiki, na kwao wewe ni mtu ambaye hakutokea. Ukiwa bado umekaa Dar na unaona ucheleweshaji, wapigie wa pili palepale ubadili kabla muda haujapita.

7. Hati zikikataliwa kaunta

Umefika kwa wakati, lakini pasipoti imebakiza miezi minne na nchi inataka sita, au huna kadi ya homa ya manjano. Shirika haliwezi kukupandisha, na kwa masharti mengi kosa ni lako. Wengi huondoka wakilia na kuacha tiketi iwe noshoo. Usiondoke. Mwombe mhudumu, kwa upole, afute nafasi yako sasa hivi na aandike kwenye buking kwamba uliripoti ukakosa hati. Ni maneno machache tu, na yanaweza kukuweka kwenye faini ndogo.

Kwa viza, dawa ni kutonunua mapema. Kwa viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, uhifadhi wa safari usiolipiwa kwa kawaida unatosha kuombea. Ukishalipa na viza ikakataliwa, peleka barua ya kukataliwa, maana baadhi ya mashirika hulegeza masharti. Bima uliyonunua kwa ajili ya viza hiyo, ile ya kinga ya euro 30,000, ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Haimaanishi imekulipia tiketi uliyoghairi. Bima ya kughairi safari ni kipengele kingine na huulizwa kwa jina lake.

Kwa msiba au kulazwa, weka nyaraka: cheti cha daktari, cheti cha kifo, kibali cha mazishi. Lakini nyaraka hizi husaidia zaidi pale nafasi ilipofutwa kabla. Baada ya noshoo ni kuomba huruma.

8. Ndege ikishakuacha

Nenda kaunta ya mauzo ya shirika saa ileile, hata kama una hasira. Usianze na malalamiko ya foleni. Uliza: ndege inayofuata ina nafasi, nitalipa nini ili tiketi hii itumike? Meneja wa zamu ana uhuru mdogo wa kuamua siku ile ambao ofisi ya mjini haitakuwa nao wiki ijayo. Kabla hujaondoka hakikisha safari ya kurudi bado ipo.

Ukishindwa, linganisha faini pamoja na tofauti ya nauli dhidi ya bei ya tiketi mpya. Kwa safari fupi za ndani, mara nyingi mpya ni nafuu, na ile ya zamani unaomba kodi zake tu.

9. Kufuatilia hela

Hela hurudi ilikotoka: kadi kwa kadi, wakala kwa wakala. Ulilipa kwa simu kwa laini ambayo hutumii tena? Waambie mapema kabla hawajatuma. Iliyopitia kwa wakala ndiyo inayochelewa, na ndiyo yenye maneno mengi ya "shirika bado halijaleta". Hapo usibishane. Mwombe akuonyeshe tiketi yako kwenye mfumo, kwa ile namba ya tarakimu 13. Kila kipande cha safari kina hali yake iliyoandikwa. Ikisomeka OPEN, bado hajaomba, au ameomba na halijashughulikiwa. Ikisomeka RFND, ombi limeshapita, na cha kumuuliza sasa ni tarehe gani lilipita na hesabu ya shirika ilionyesha kiasi gani.